Kumpeleka mama Unguja kutoka Dodoma akiwa kwenye kiti mwendo: treni na boti tunapangaje?

MwanaNkuhungu
Wadau, habari za humu ndani. Mama ana miaka 71, alipata kiharusi na upande wake wa kulia hauna nguvu. Akishikiliwa anasimama sekunde chache, kutembea hawezi. Uzito ni kilo 68. Kiti chake ni kile cha chuma cha kukunja, tairi za upepo. Anataka kwenda Unguja kumwona mjukuu na ndege ameikataa kabisa. Mpango ni SGR hadi Dar, halafu boti. Tutakuwa mimi na mdogo wangu wa kiume. Naomba mnisaidie: twende mwezi gani, kuingia botini kunakuwaje, na je, treni na boti vinaunganika siku moja? Ya choo pia inanisumbua.

Nahodha_wa_Zamani
Kuunganisha siku moja sahau. Treni ikichelewa kidogo na foleni ya mjini ikakushika, mtaikimbilia boti na mtu kwenye kiti, na ajali nyingi za kiti hutokea watu wakiwa na haraka. Laleni Dar. Kutoka stesheni ya SGR hadi bandarini ni karibu, ila chukua teksi ya gari dogo la chini, IST au Premio. Kiti cha Noah kiko juu, kumpandisha mtu wa kilo 68 ni kazi ya bure.

Kuhusu mwezi: kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Agosti, bahari inachafuka na boti inarusha. Oktoba na Novemba, au Februari hadi katikati ya Machi, huwa kumetulia zaidi. Ndani ya siku yenyewe asubuhi ni bora kuliko alasiri, upepo huwa haujaamka.

Sasa kuna jambo ambalo wa bara wengi hawalipigii hesabu: maji. Boti na gati la kuelea hupanda na kushuka na bahari, nchi kavu haisogei. Kwa hiyo lile daraja la kupandia huwa karibu tambarare maji yakijaa, na huwa mteremko mkali yakipwa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa Dar na Unguja maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake ni mita tatu hadi nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ni kama mita moja tu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji kingine: epuka tarehe 1 na 15 na siku mbili tatu zinazofuata. Lenga tarehe 8 au 9, au 22 na 23. Boti ya asubuhi siku hizo unaingia nayo kama unaingia sebuleni.

Kabla ya kulipa, uliza daraja la tiketi unayokata liko sitaha gani, yaani ghorofa gani ya boti. Watu wanamnunulia mzazi VIP kwa mapenzi, kumbe ni juu na kuna ngazi nyembamba. Tena juu ndiko kunakoyumba zaidi. Sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ndipo penye utulivu. Tiketi ni dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, vishoka wa nje wapite. Na vitambulisho vyenu wote watatu, cha mama kisisahaulike kwa kuwa "ni mzee".

Mnyoosha_Viungo
Mkuu hapo juu kamaliza ya bahari. Mimi nashika ya mwili.

Kwa mtu wa kiharusi, kila uhamisho elekea upande wenye nguvu. Wa mama ni kushoto, basi siti anayokwenda iwe kushoto kwake. Sogeza kiti mwendo kikae mshazari kidogo na siti, funga breki zote mbili, kunja vibao vya miguu pembeni, chomoa mkono wa kiti wa upande wa kushoto kama unachomoka. Mvute makalio mbele hadi ukingoni, nyayo zote ziwe chini. Goti lako lizuie goti lake la kulia kwa mbele, maana hilo ndilo linalokunjika ghafla. Mshike mkanda wa kiunoni au kanga iliyofungwa imara nyongani. Usimvute mkono wa kulia wala kumwinua kwa kwapa: bega la upande uliopooza huteguka kirahisi na maumivu yake hukaa miezi. Kutoka kwenye siti kurudi kitini, tena kiti kiwe kushoto kwake. Behewani mara nyingi nafasi haitaruhusu pande zote mbili. Hapo mfanye watu wawili.

Kwenye mteremko, kupanda mama aangalie mbele. Kushuka, mgeuzeni: anayesukuma atangulie kinyumenyume na mama aangalie kule juu mnakotoka. Akishuka ametazama mbele anamwagika.

Penye ngazi, mkubwa wenu ashike vishikio vya nyuma, mwingine akae mbele ashike fremu yenyewe, lile bomba linaloshuka kuelekea gurudumu dogo. Asishike vibao vya miguu wala mikono ya kiti. Vinachomoka, na vitachomoka mkiwa ngazi ya tatu. Wapagazi bandarini wanasaidia, elewaneni bei kwanza na waonyesheni pa kushika, kwa sababu mkono wao wa kwanza huenda palepale kwenye kibao.

Kati ya jukwaa na mlango wa treni pana mwanya. Magurudumu madogo hupenda kuzama humo, kwa hiyo inua mbele kwanza, yavuke, ndipo usukume.

Boti ikitembea asikae kwenye kiti mwendo hata kama breki zimefungwa. Ahamie siti, kiti kikunjwe na kufungwa kamba. Mto wake wa kukalia uhame naye, treni na boti. Kila nusu saa mwegemezeni upande mmoja kisha mwingine kwa dakika moja hivi, la sivyo mtafika na alama nyekundu ya kidonda.

Fundi_Spoku
Ya mama mmemaliza, ya kiti bado. Mbigili za Dodoma ndizo adui. Kagua tairi zote wiki moja kabla, siyo usiku wa safari. Breki za viti hivi zinakandamiza tairi moja kwa moja, upepo ukipungua breki haishiki kitu. Unafunga, unasikia "ta!", unaamini, na kiti kinateleza. Jaza upepo, funga breki, sukuma kwa nguvu: gurudumu likizunguka, kaza.

Soma ubavuni mwa tairi. Viti vingi ni 24 x 1 3/8, pengine imeandikwa 37-540. Baiskeli nyingi za inchi 24 ni 507, yaani rimu ya milimita 507 badala ya 540. Tairi hiyo haikai kwenye rimu yako hata fundi akuapie. Tyubu ya baiskeli inaweza kukuokoa ikibidi, tairi hapana. Nunua tyubu mbili ukiwa Dodoma, beba pampu, viraka, spana ya 10 na 13, na bisibisi. Boliti za magurudumu madogo hulegea kwa mitetemo. Kuna wanaoshauri tairi ngumu zisizo na upepo: hazitoboki, ila kwenye vitofali zinamtikisa mgonjwa mpaka meno. Kwa safari hii baki na za upepo.

Ukirudi, futa fremu kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, kausha, tia oili kwenye beringi. Chumvi haina huruma na chuma.

MwanaNkuhungu
Asanteni sana, naandika yote. Sasa choo, na dawa ya kichefuchefu?

Nesi_Ipagala
Usimnyime maji ili asikojoe. Wengi hufanya hivyo, mzee anafika amekauka, kizunguzungu, na mkojo unaanza kuwasha. Anywe kidogo kidogo. Aende choo stesheni kabla ya kupanda, na bandarini tena. Ndani ya boti milango ya vyoo ni myembamba na ina kizingiti kirefu cha kuzuia maji, kiti hakipiti. Avae pampasi za watu wazima, wekeni mbili za akiba, kanga mbili na mfuko wa kufunga.

Kama anatumia dawa ya presha inayokojosha, muulizeni daktari kama siku hiyo anaweza kuinywa baada ya kufika. Msiiache wenyewe. Dawa za kichefuchefu nyingi huleta usingizi mzito, promethazine hasa, na kwa wazee huweza kuziba mkojo. Mtu aliyelegea kwa usingizi hawezi kukusaidia kuhama siti. Ulizeni daktari wake, na aijaribu nyumbani siku moja kabla ya kuitegemea baharini. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mkaazi_wa_Ngambo
Nyumba za wageni: usiulize "mnapokea wenye ulemavu?", wote watasema ndiyo. Waambie wafungue mlango wa bafu hadi mwisho, wapime uwazi uliobaki kwa futi, na wakutumie picha. Kiti cha kawaida ni sentimita 63 hadi 66 upana, na milango mingi ya bafu haifiki hapo. Kama kiti mwendo hakipiti, kiti cha plastiki ndani ya bafu ndiyo njia, ila miguu yake hutanuka kwenye vigae vilivyolowa. Tandika taulo nzito chini, na mtu asimame nyuma muda wote.

Mji Mkongwe mtapita barabara ya Forodhani na Mizingani bila shida, vichochoro vya ndani ni mawe na vizingiti. Mama akitaka ufukwe, mpelekeni Paje maji yakiwa yamepwa: mchanga uliolowa ni mgumu, kiti kinakwenda. Mchanga mkavu wa juu ndio unaomeza magurudumu. Hapo mgeuzeni, mvuteni kinyumenyume.