Kifua kinachochemka mlimani: mliopatwa au kushuhudia mapafu kujaa maji, tupeane uzoefu

Mgumu wa Machame (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, na huu ni mwaka wa nne naongoza wageni. Wanaoulizia mlima humu huuliza baridi, bei, na kama watafika kilele cha Uhuru. Sijaona anayeuliza kuhusu kifua, na mimi kifua ndicho ninachokiogopa kuliko baridi.

Nianze na langu. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 na pale hakuna maji. Yanachotwa bonde la Karanga na kupandishwa kichwani. Tulikuwa na kijana ambaye ilikuwa mara yake ya pili mlimani. Kwa kuwa ndiye mdogo, siku ile alitumwa maji mara mbili. Tangu kambi ya Shira, huko chini, alikuwa na kikohozi kikavu, tukamcheka kwamba kameza vumbi la njiani. Nami nilicheka. Jioni hakula. Alijikunja pembeni ya hema la kulia chakula akasema amechoka, na nani hachoki Barafu?

Saa tano usiku, wageni wanaamshwa wajiandae kwa kilele, nikasikia sauti kama mtu anafyonza soda kwa mrija na chupani limebaki tone. Nikadhani mmoja wetu anachezea chupa. Kumbe ni yeye anapumua.

Nikammulika. Midomo na kucha vimekuwa rangi ya majivu. Ameketi tu, lakini anahema kama aliyetoka kukimbizwa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma 58, wakati wageni wetu waliokuwa palepale walikuwa themanini na kitu. Kiongozi mkuu akasema apewe chai ya tangawizi, asubuhi atashuka na wanaoshuka. Nikabishana naye mbele ya wageni. Wanaojua kazi hii wanajua hilo ni kosa kubwa, na nilishajua huenda ndiyo safari yangu ya mwisho kwenye kampuni ile. Nikachukua vijana wanne na mtungi wa oksijeni, tukaanza kushuka usiku uleule. Tulimbeba kwa zamu, kwa sababu mtu wa hali ile akitembea mwenyewe kila hatua inamzidishia. Tulipofika kambi ya Millennium, kwenye mita 3,800 hivi, akaomba maji ya kunywa. Kufika Mweka bado alikuwa anatema povu lenye rangi ya pinki, lakini maneno yanatoka. Pale getini akatuuliza mzigo wake kaubeba nani.

Karibuni, na msione haya.

Bi Hesabu

Asante mleta mada. Mimi ni mhasibu, na aibu yangu ni ya kihesabu.

Ofisi yetu ilipanga msafara wa Desemba 9, tupandishe bendera kileleni. Tukachagua njia ya Marangu kwa siku tano kwa sababu siku ya sita ingeongeza gharama, na mimi ndiye niliyeikata kwenye bajeti. Sasa nitazameni nilivyopiga hesabu ya vituo vya kulala: Mandara mita 2,720. Horombo 3,720. Kibo 4,720. Kila usiku mita elfu moja juu ya usiku uliotangulia! Baadaye ndipo nikajifunza kwamba ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale ulipolala jana. Ile siku niliyoifuta ndiyo ilikuwa ya kulala Horombo mara ya pili.

Aliyepatwa ni mkuu wetu wa kitengo. Mtu wa mazoezi, kila asubuhi anakimbia ufukweni kabla sisi hatujaamka. Alikuwa mbele siku zote, akitutania sisi wa nyuma. Horombo alianza kukohoa akasema ni mafua. Kibo hakuweza kulala chali; alipanga mabegi ukutani akaegemea, amekaa usiku ule. Mmoja wetu akasema malaria, akampa dawa ya mseto. Mwingine akatoa dawa ya kikohozi ya watoto. Mimi na mwenzangu tulikuwa vitanda vya jirani, tukisikia kifua kinavyokoroma, tukatazamana. Utamwambiaje bosi ashuke, tena bendera iko begini mwake?

Kiongozi alipokuja kutuamsha alimgusa tu akasema huyu haendi kokote ila chini. Alishushwa kwa ile machela ya tairi moja, amefungwa kama gunia, sisi wengine tukiendelea. Ndiyo, tuliendelea. Alipona. Picha ya kifua aliyopigwa hospitali aliniletea ofisini akaiweka juu ya meza yangu: upande wote wa kulia ni wingu jeupe.

Mjukuu wa Rombo

Poleni, ila haya ni mambo ya wazungu na watu wa Dar. Sisi tuliozaliwa mguuni mwa mlima damu yetu imeshazoea.

Nesi wa Zamu

Kaka wa Rombo, ngoja nikukatalie kwa heshima. Hata kijiji cha juu kabisa huko kwenu kiko chini sana kuliko Horombo, na mpagazi anayeishi Moshi mjini anatoka kwenye mita kama 800 tu. Mwili haumjui babu yako alizaliwa wapi. Unajua umelala wapi wiki hii. Watu wanaoishi juu miaka yote, kama kule milima ya Andes, Amerika Kusini, nao wakishuka bondeni wiki kadhaa kisha wakarudi kwao ghafla, hupatwa vilevile.

Niko kwenye wodi inayopokea watu wa mlimani, nielezee kidogo kinachotokea.

Juu kule hewa ni ileile, oksijeni bado ni asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo, kiasi kwamba kwenye mita 5,895 za Uhuru unavuta kama nusu ya oksijeni unayoivuta Tanga ufukweni. Mishipa midogo ya mapafu ikikosa oksijeni hujikaza. Shida ni kwamba haijikazi sawasawa. Fikirini nyumba yenye bomba sita na mtu akafunga nne: mbili zilizobaki zinapokea presha yote, na maungio yanaanza kuvuja. Ndivyo maji ya damu yanavyopenya kuingia kwenye vifuko vya hewa, pamoja na chembe nyekundu chache. Pinki ya povu inatoka hapo.

Kwa hiyo si nimonia, ingawa inafanana nayo hadi homa kidogo, na madaktari wenyewe walichanganya kwa miaka mingi. Mwaka 1891 daktari mmoja, Jacottet, alifia kwenye kibanda cha Vallot kule mlima Mont Blanc, Ulaya, na mwili wake ulipopasuliwa mapafu yalikutwa yamejaa maji. Ikabidi kufika 1960 ndipo Charles Houston wa Marekani akaandika waziwazi kuhusu kijana mzima wa afya, mteleza theluji wa Colorado, kwamba huu ni ugonjwa wa mwinuko.

Mara nyingi huja kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kupanda, na hupenda usiku. Wengine kichwa hakiwaumi kabisa, na hapo ndipo mtu anapojidanganya kwamba mwinuko haujamgusa. Mimi humwuliza mgonjwa swali moja: ukiwa umekaa tu, unahema? Kila mtu anahema akipanda. Anayehema akiwa amekaa, tena ana uchovu uliozidi wa wenzake wote, tayari yuko hatarini.

Tiba ni kushuka, walau mita 1,000 au hadi apate nafuu. Oksijeni, kumfunika apate joto kwa sababu baridi nayo inapandisha presha ya mapafu, kumkalisha wima, na kumbeba badala ya kumtembeza. Upo pia mfuko mkubwa wa kujaza upepo kwa pampu ya mguu, mgonjwa anaingizwa ndani kama yuko chini zaidi. Unasaidia kwa saa chache pale ambapo kushuka kumeshindikana.

Mjukuu wa Rombo

Nimekubali dada, nimenyoosha mikono. Ila vipi kuhusu Diamox, ile dawa ya mwinuko? Na nimesikia jamaa wanapanda na vile vidonge vya ndoa, ni kweli au ni visingizio?

Nesi wa Zamu

Haha. Ni kweli, na si kwa sababu unayoifikiria. Vile vidonge vya ndoa hulegeza mishipa ya mapafu, na madaktari huwaandikia baadhi ya watu kama kinga. Nifedipini, dawa ya presha, nayo hulegeza mishipa hiyo, na ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Diamox inausaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini mapafu yakishajaa haiyakaushi. Zote hizo ni za kuandikiwa na daktari anayejua presha yako, usichukue kwa jirani. Vidonge vya usingizi na pombe acheni nyumbani.

Raga wa Nyeri

Wadau, salamu kutoka upande huu wa mpaka. Mlima Kenya ni mfupi kuliko wenu, kilele cha Lenana wanachopanda wengi ni mita 4,985, na ufupi huo ndio mtego. Watu wanatoka Nairobi Ijumaa asubuhi wakitaka wawe kazini Jumatatu.

Nilikuwa na miaka 24, nacheza raga, nikajiona chuma. Tulilala kambi ya Met Station, mita 3,050. Jumamosi tukapita ile tope ya Naro Moru, mvua inanyesha, nikawavutia wenzangu mabegi nionekane mwanaume, tukalala kambi ya Mackinder's kwenye mita 4,200. Saa tisa usiku wenzangu walipoamka kwenda Lenana, nilijaribu kufunga kamba za viatu. Nilifunga kiatu kimoja nikapumzika. Cha pili kilinishinda. Niliketi nikikitazama tu, nikawaza labda nimezeeka usiku mmoja.

Mpishi wetu, mzee wa Kikuyu asiye na maneno mengi, aliweka sikio mgongoni mwangu kama fundi anayesikiliza injini. Akasema, "Kijana, una maji. Twende." Hakuuliza nataka nini. Nilifika Met Station nikiwa nimeshikwa kwapani na watu wawili, na mchana wake nilikula ugali. Hadi leo nashangaa jinsi kitu kilichotaka kuniua saa tisa usiku kilivyoniachia kwa mita elfu moja tu.

Miaka miwili baadaye nilirudi, nikifikiri sasa mwili umejifunza. Haukujifunza. Ukishapata mara moja, uwezekano wa kupata tena ni mkubwa zaidi. Siku hizi nawapeleka wengine hadi getini, narudi zangu.

Mgumu wa Machame

Mkuu wa Nyeri umenigusa kwa huyo mpishi. Niongeze kitu ambacho wageni hawataambiwa: kuna misafara inatumia mtungi wa oksijeni kumsukuma mgeni afike juu. Anavuta kidogo, namba zinapanda, anaambiwa "uko sawa, twende". Oksijeni ni ya kumshusha mtu. Ukiona umepewa mtungi na bado unaelekezwa juu, kaa chini ukatae.

Dada wa Uru

Nimesoma yote kuanzia juu, nimesita kuandika.

Kaka yangu alikuwa mpagazi. Safari yake ya mwisho alipanda akiwa na kikohozi, kwa sababu akikosa safari ile jina lake lingerukwa hadi msimu mwingine, na ada ya mdogo wetu ilikuwa inasubiriwa. Waliotuletea mwili walisema nimonia. Mama aliamini kwamba hakuvaa vizuri. Alikaa miaka akijilaumu kwa sweta ambalo hakulimaliza kulifuma, lipo hadi leo na sindano zake.

Mwenzake mmoja alikuja matanga ya arobaini akatuambia kaka alihema usiku kucha kwenye hema, akiwaomba wasimwambie kiongozi. Nao wakamtunzia siri, kwa upendo kabisa. Asubuhi walimkuta amekaa, ameegemea gunia la mkaa.

Nesi, ulivyoeleza lile bomba, nimemsomea mama. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: kwa hiyo sweta lisingetosha? Nimemwambia lisingetosha.

Nesi wa Zamu

Pole sana dada. Mpe mama pole yangu. Umemjibu sawa.

Mgumu wa Machame

Dada wa Uru, poleni sana nyumbani. Nimeweka simu chini nikaishika tena.

Kesho naingia geti la Machame na wageni sita na vijana ishirini na mmoja. Wawili ni wapya kabisa. Kabla ya kulala nitawapigia niwaambie kwamba kwangu anayeshuka mgonjwa analipwa siku zake zote na safari ijayo jina lake lipo. Kisha kila jioni, kabla ya ugali, kila mmoja atakaa kimya mbele yangu dakika moja nimsikilize anavyopumua. Watacheka. Wacheke tu.