Kamera nne na bado mwizi hana sura usiku, nibadilishe zote niweke 8MP ama?

MamaTee_Utawala

Habari zenu wadau, naomba ushauri kabla nitoe pesa tena. Nakaa Utawala, ploti ya 50 kwa 100, na kuna kamera nne fundi aliweka mwaka jana, zote 2MP (megapikseli mbili), zile za waya zinaingia kwa DVR, kile kisanduku cha kurekodi, iko sebuleni. Mchana sina neno, unaona hadi kuku wa jirani. Shida ni giza likiingia. Juzi mtu ameruka ukuta wa nyuma usiku akabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilikuwa kwa kamba, hadi yunifomu ya mtoto jamani, na nikirudisha video naona tu mtu wa kofia anapita na uso mweupe pe, hakuna macho hakuna pua. Nimepeleka klipu kituoni wakaniambia hapo hakuna sura ya kushika mtu.

Sasa ziko hivi: ya geti, gari ikikuja taa zake zinaua picha yote na namba haisomeki. Ya nyuma fundi aliipachika juu kabisa chini ya mabati, usiku nusu ya picha ni ukungu. Ya kando ya tangi la maji inafanya poa mpaka kitu saa kumi na mbili na nusu jioni halafu inaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka, mpaka asubuhi. Ya varanda iko sawa.

Nimeuliza Luthuli Avenue duka mbili, zote wananiambia hizo ni za zamani toa weka 8MP. Bajeti yangu ni elfu thelathini na sitaki kuirudia hii kazi. Ama nichukue zile za sola zinatumia laini ya simu? Mnisaidie.

FundiWaya

Pole sana mama Tee. Hiyo elfu thelathini wacha ikae kwanza, usinunue kitu.

Hii mambo ya 8MP wanauza juu mteja anaelewa namba kubwa. Usiku kamera haitafuti pikseli, inatafuta mwanga. Ukichukua chipu ya saizi ile ile uigawanye mara nne zaidi, kila pikseli inapata robo ya mwanga ile ya 2MP ilikuwa inapata, kwa hivyo gizani unaweza lipa pesa zaidi upate picha mbaya zaidi, ina chengachenga. Ukiona 8MP inafanya vizuri usiku jua chipu yake ni kubwa na lenzi imefunguka, na hiyo si ya bei wanakutajia. Halafu DVR yako ya 2MP kuna uwezekano mkubwa haitaisoma, utaambiwa ununue na hiyo pia.

Nianze na ya tangi juu hiyo ndio rahisi. Mchana zile taa za IR, mwanga wa usiku wa kamera ambao jicho halioni, zimezima, kamera inakula moto kidogo. Jua likizama zinawaka na kamera inavuta karibu mara mbili ya mchana, ndio maana inaanza hiyo saa na si saa nane mchana. Kama waya ni mrefu na mwembamba, ama fundi alifunga kamera zote nne kwa adapta moja ndogo, umeme unafika umechoka, kamera inazima, ikizima mzigo unapungua inawaka tena, na hiyo ndio ngoma usiku mzima. Mtu aweke mita kwa plagi ya kamera USIKU ikiwa imewaka. Inafaa kuwa 12V ama karibu, akipata 9 na kitu hiyo ndio ugonjwa. Mpe hiyo kamera adapta yake ama ubadilishe waya, na uliza kama ni kopa tupu, kuna waya nyingi mjini ni aluminiamu imepakwa kopa juu juu na zinauzwa bei karibu sawa.

Ya nyuma: huo ukungu ni mwanga wa IR wa kamera yenyewe unagonga mabati na ukuta unarudi kwa lenzi. Kamera ikiona kitu cheupe karibu inafikiri kuna mwanga wa kutosha, inapunguza macho, na huko mbali kwenye mwizi anapita kunabaki giza. Ishushe, itoke nje ya mabati, ikiangalia pasiwe na ukuta wala gata mbele yake karibu. Na uangalie buibui. Hizo taa zinavuta wadudu, buibui naye anajua, anajenga hapo hapo kwa lenzi, na uzi mmoja tu usiku unakuwa kamba nyeupe katikati ya picha. Kitambaa kikavu kila mara, kazi kwisha.

Uso mweupe ni IR imemchoma akiwa karibu. Ingia kwa setingi za kamera kupitia DVR, tafuta Smart IR iwashe, kama haiko punguza nguvu ya IR. Ukiwa hapo angalia shata, ule muda kamera inafungua jicho kwa kila picha. Nyingi usiku zinajiachia hadi 1/25 na mtu akitembea anakuwa moshi. Weka isishuke chini ya 1/50, na masafa iwe 50Hz juu ndio umeme wetu, ukiacha 60 taa za umeme zitakuwa zinachezacheza kwa picha.

kijana_wa_Pipeline

weka mbwa wawili na chupa juu ya ukuta kamera ni za kuangalia venye umeibiwa

MzeeWaKasa

Kijana anachekesha lakini hajakosea sana. Mimi nasema taa. Taa ya LED ya wati 20 yenye jicho la giza, ikiwaka saa kumi na mbili hadi kumi na mbili inakula kama yuniti saba za tokeni kwa mwezi. Ukishaweka taa hata hiyo 2MP yako itatoa rangi usiku na utajua jaketi ilikuwa nyekundu ama kijani. Isikae karibu na kamera, weka pembeni, ndio wadudu waende kwa taa na kamera ibaki peke yake. Mwezi wa nne na wa kumi na moja kumbikumbi wakitoka utanikumbuka.

Shiks_Ruaka

Mzee na heshima zote, hiyo ya taa usiku kucha si kila mahali itaweza. Huku kwetu nyumba zimebanana, ukiwasha floodi dirisha la chumba cha jirani ndilo linaangaziwa na utasikia kelele. Siku hizi kuna kamera za taa mbili, zinakaa kwa IR kimya kimya halafu ikiona mtu inawasha taa nyeupe na kurekodi kwa rangi. Mwizi akimulikwa ghafla wengi wanageuka. Zile za rangi tupu kama ColorVu ya Hikvision ziko na lenzi ya F1.0, yaani imefunguka sana, na ni nzuri kweli, ila mahali pa giza totoro lazima taa yake iwake muda wote, kwa hivyo tunarudi palepale kwa jirani.

Na mama Tee usiende sola kwa kazi ya ukuta wa nyuma. Nyingi zinalala kuokoa betri, zinaamka sensa ya joto ikishtuka, na kuamka kunachukua sekunde. Mtu akipita mbio unapata mgongo. Hiyo sensa pia inashika vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja, na watu huifunga ikiangalia njia mtu anakuja nayo. Sola ni ya shamba, ya kiwanja unajenga, mahali hakuna stima. Na bando nalo lina bei yake ukianza kuangalia live kila saa.

MamaTee_Utawala

Asanteni sana, sikujua hata kuna setingi za shata. FundiWaya nimeita kijana wa hapa mtaani akapima ya tangi usiku, imesoma 9.4. Adapta ni moja kwa zote nne kama ulivyosema 😂 amenifungia adapta yake na tangu hapo haijazima. Kweli Luthuli wangenimaliza.

Sasa maswali. Moja, hata nikirekebisha hizi, nitaona uso wa mtu akiwa kwa ukuta? Kutoka kamera ya nyuma hadi ukuta ni kama mita kumi na mbili. Mbili, namba za gari. Tatu, stima zikipotea, juu hapa zinapotea na ndio wakati wanapenda.

FundiWaya

Kwa ukuta huoni uso, nikuambie tu ukweli. Sisi tunatumia kipimo kinaitwa DORI: kumtambua mtu humjui unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana, kama ni mtu unamjua 125 inatosha, na 25 ni ya kujua tu kuna mtu. 2MP ina pikseli 1920 kwa upana, gawanya na 250 unapata mita saba na kitu. Sasa zako nina hakika ni lenzi ya 2.8mm, hizo zinafungua sana, upana wa mita saba unaufikia mtu akiwa mita tatu tu kutoka kamera. Ukibadilisha hiyo moja uweke ya 6mm unaenda hadi kama mita saba, lakini itaona kipande kidogo, na hiyo hesabu ni ya mchana, usiku toa kitu.

Kwa hivyo usimfukuze mwizi kwa ukuta. Jiulize lazima apite wapi. Kwa gesi, kwa mlango wa jikoni, ile njia nyembamba kando ya nyumba. Hapo ndio unaweka kamera ya sura, urefu wa mita mbili na nusu hivi, ukiipandisha kwa paa utakuwa na mkusanyiko mzuri wa kofia. Ya nyuma iliyoko wacha ibaki ya kukuambia tu mtu ameingia. Yaani elfu thelathini yako inunue kamera moja nzuri ya 4mm ya taa mbili pale kwa gesi, taa ya mzee, waya mzuri, na chenji utarudi nayo. Kabla ya kununua angalia kama DVR iko na chaneli imebaki na inasoma hiyo modeli.

Usichukue ile ya kuba la plastiki. Vumbi la Utawala likishika lile kuba IR inajirudia ndani na unapata ukungu ule ule unaukimbia.

Namba za gari ni kazi ya kamera yake pekee. Pleti inarudisha mwanga, taa za mbele nazo zinapofusha, dawa yake ni shata ya haraka kama 1/500 kwenda juu na hapo kila kitu kingine kinakuwa giza. Jaribu HLC kwa setingi ya hiyo ya geti, inafunika mwanga mkali, unaweza bahatika. Ikikataa achana nayo, wako hawaji na gari.

Otis_SouthB

Ya stima nijibu mimi. Kamera nne usiku na DVR na diski yake haziendi mbali na wati 35. UPS ndogo za dukani ziko na betri ya 12V 7Ah, kwa karatasi ni wati-saa 84 lakini ukweli utapata lisaa na kitu. Kama kwenu stima inapotea usiku mzima tafuta inveta na betri ya 100Ah, hiyo hata ukitumia nusu yake inakupeleka hadi asubuhi. Na usisahau rauta kwa hiyo hiyo UPS, watu wanawekea DVR halafu simu haioni kitu juu waifai imelala.

Pia uliza diski ni ya saizi gani. Kila Mbps moja, ile kasi kamera inatuma video, ni kama GB 10.8 kwa siku, kamera nne za 2Mbps zinakula kama 86, kwa hivyo TB 1 ni siku kumi na moja hivi halafu inaanza kufuta za nyuma. Usiku zile chengachenga zinafanya iende mbio zaidi. Iwe ile ya kamera, WD Purple ama SkyHawk, si diski imetoka kwa kompyuta ya mtu.

DVR yenyewe itoe sebuleni kando ya TV!! Hicho ndio kitu cha kwanza wanang'oa wakiingia. Weka kabatini ndani ya chumba, ipate hewa.

Na paswadi. Kama bado ni ile fundi alikuachia, badilisha leo. Mwaka 2016 ile virusi ya Mirai ilishika makamera na marekoda ya paswadi za kiwandani dunia nzima ikayatumia kuangusha mitandao mikubwa Marekani. Mbali na hiyo, fundi wako wa mwaka jana anaweza kuwa anaona varanda yako sahi hivi.

Shiks_Ruaka

Na ya nyuma ukiishusha hakikisha haiangalii kwa jirani. Sheria ya kulinda data ya 2019 imeruhusu mambo ya nyumbani kwako, ukianza kurekodi uani kwa mtu mwingine hiyo hoja inaanza kuyumba. DVR nyingi ziko na kitu cha kuweka kiraka cheusi kwa hiyo sehemu ya picha, tumia hiyo.

MamaTee_Utawala

Paswadi nimebadilisha, kumbe ilikuwa jina la fundi na 123 🙈 DVR imeenda kwa kabati la chumba. Kamera ya gesi fundi mwingine anakuja kuiweka Jumamosi asubuhi.

FundiWaya

Asubuhi hapana dada, mwambie aje saa kumi jioni, aweke akingoja giza. Abebe mita yake. Saa mbili usiku mwambie kijana wa mtaani avae kofia apite kwa gesi akitembea kawaida, asisimame, wewe uangalie ile imerekodiwa kwa simu, si live. Macho na pua zikionekana mlipe. Na saa ya DVR iwe GMT+3 na tarehe sahihi kabla hajatoka, hiyo ndio watauliza kwanza kituoni.