Naomba ushauri: nawapa wahusika wadogo hadithi yao ya mapenzi

Habari zenu wapendwa. Nimemaliza simulizi yangu ya mapenzi ya kule Pangani, na sasa wasomaji wananidai hadithi ya Mwanaidi, shoga wa Rukia, mhusika mkuu, na Salimu, nahodha wa kivuko cha kwenda Bweni. Nami nawapenda sana hawa wawili.

Kinachonikwamisha ni eda, ule muda anaokaa mjane wa Kiislamu kabla ya kuruhusiwa kuolewa tena. Simulizi ya kwanza inaisha Mwanaidi akiwa amefiwa na mume, na ile miezi 4 na siku 10 bado haijatimia. Nikianzia hapo, Salimu hawezi kuposa waziwazi. Dini inamruhusu kudokeza tu. Kwa hiyo mapenzi yote yatapita pembeni: samaki anaomtuma mtoto apeleke, salamu kupitia kwa shangazi, mlango unaofunguliwa nusu. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wenyewe. Rafiki anayenisomea miswada anasema niruke mwaka mzima, nianze na posa, maana msomaji wa simu hana subira.

Halafu sauti. Ya kwanza alisimulia Rukia mwenyewe. Mwanaidi ni msiri mno, nahisi nafsi ya tatu inamfaa zaidi. Na Rukia na mumewe waonekane kiasi gani? Ndoa yao siivunji ili kuleta msisimko, hilo nimeshaamua.

Waandishi na wasomaji wa mapenzi, mngeanzia wapi: ndani ya eda au baada yake?