MRI (picha ya ubongo) iko safi lakini kijana anashtuka-shtuka na anasahau kila kitu, tupime nini tena?

mama_tulia: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 14, darasani alikuwa vizuri kabisa, sasa ni miezi minne hata hesabu ndogo zinamshinda, amekuwa mkali, saa nyingine anacheka peke yake, tukaambiwa ni balehe itapita. Sasa wiki mbili hizi mwili unashtuka, kichwa kinaanguka mbele kidogo kama anasinzia halafu kinarudi, anadondosha vikombe, dawa za kifafa anakunywa wala hazisaidii. MRI wamesema safi. Naogopa jamani.

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Aliwahi kuugua surua akiwa mdogo?

mama_tulia: Ndiyo, akiwa na miezi 7, chanjo ilikuwa bado. Alipona vizuri tu. Si zamani mno hiyo?

dkt_watoto: Ndo maana hakuna anayeuliza, na linaniuma sana hili. Kuna ugonjwa unaitwa SSPE, virusi vya surua vinabaki ubongoni kimyakimya, mara nyingi vinaibuka baada ya miaka 6 mpaka 10, wengine hata zaidi, na aliyeugua kabla ya miaka 2 ndo yuko kwenye hatari kubwa. Ni nadra, na siwezi kusema ndio huo kwa kusoma hapa, ila apimwe. MRI mwanzoni inaweza kuwa safi kabisa, isiwatulize. Omba EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, wakirekodi na video, wanatafuta mawimbi makubwa yanayojirudia kila baada ya sekunde chache sambamba na kule kushtuka. Halafu maji ya uti wa mgongo, wapime kingamwili za surua walinganishe na za kwenye damu iliyotolewa siku hiyohiyo, hapo ndo kwenye jibu. Wakipima PCR, kile kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ikawa hasi msiishie hapo, virusi hivi vimebadilika na mara nyingi PCR haivikamati. Na macho yaangaliwe, wengine huanza kwa kutoona vizuri.

kaka_mtu: Mdogo wangu alikuwa nao. Miezi minane tunazunguka, shuleni wanamwadhibu wakidhani uvivu, sijasamehe mpaka leo. Kilichosaidia ni video ya simu, daktari mmoja alihesabu mishtuko akaona inakuja kwa mapigo yaleyale, akaagiza EEG siku ileile. Rekodi dada, usisubiri.

mama_tulia: Na kama ndio wenyewe, dawa ipo? Shangazi yake anasema ni chanjo aliyopata baadaye.

dkt_watoto: Si chanjo, virusi vilivyochunguzwa kwenye ubongo wa wagonjwa ni vya surua yenyewe. Dawa ya kuuponya haipo, sitakuficha. Ipo isoprinosini, wengine wanaongezewa interferoni, kwa baadhi inapunguza kasi, na carbamazepini inaweza kutuliza mishtuko. Tena zipo hali nyingine zinazofanana na huu ambazo zinatibika, kwa hiyo msichelewe.

mama_tulia: Nimerekodi video tatu jioni hii. Kesho asubuhi tunaenda, hiyo ya kingamwili nimeiandika kwenye karatasi.