Nimepigwa, tena na chuma cha kilo 390! Wauza makucha ya trekta mnatuonaje?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nina shamba la mikorosho mizee Mkuranga, naing'oa nipande mipya. Visiki na matawi yamezagaa kila kona, na hela ya vibarua imenichosha. Trekta ninalo, la HP 50, lina mikono ya mbele na kijiko. Nikaona nivue kijiko nifunge makucha, yale yenye meno chini na kibanio cha juu. Mchanga unadondoka, kisiki kinabaki. Nikaenda Dar kwa muuzaji mmoja.

Jamaa hakuniuliza ni trekta gani. Hakuuliza mikono inanyanyua kilo ngapi. Aliuliza tu nalipa keshi au kwa simu. "Bosi, chukua haya mapana, yanabeba chochote."

Mapana kweli. Kilo 390 yakiwa matupu! Kitabu cha trekta langu kinasema mikono inanyanyua kilo 900, ikipimwa kwenye pini, pale kijiko kinapofungwa. Toa 390, zimebaki 510. Na kisiki hakikai kwenye pini, kinakaa karibu mita nzima mbele yake, kwa hiyo hata hizo 510 ni za kwenye karatasi. Kisiki cha kwanza tu, tairi za nyuma zikaning'inia, za mbele zikazama mchangani. Na breki za trekta ziko nyuma, wakuu. Dereva aliruka chini, simlaumu. Mpaka tulipofunga haro, ile ya kuvunjia mabonge shambani, nyuma iwe uzito ndipo likatulia kidogo.

Hapo nimeruka kisa cha bamba la kufungia makucha kwenye mikono. Kumbe makucha yenyewe yametengenezewa zile mashine ndogo za ujenzi zinazogeuka palepale, ndoano za trekta langu hazikushika popote. Nikamlipa fundi wa kuchomelea. Halafu haidroliki! Mikono ina njia mbili tu za mafuta, ya kunyanyua na ya kulaza kijiko. Makucha yanataka ya tatu ili yafumbe na kufumbua. Valvu ya kazi hiyo ilikuwa rafuni, nyuma ya kichwa cha muuzaji, na hakuitaja! Bei yake nilipokuja kuisikia nilikaa chini. Badala ya valvu, fundi akavuta mipira ya mafuta kutoka nyuma ya trekta hadi mbele. Sasa dereva mkono mmoja unanyanyua, mwingine uko nyuma kwenye wenzo wa kufumbia, usukani sijui anaushika na nini.

Nilitakiwa kupewa membamba, ya kilo 200 hivi, hata kama hayafikii upana wa trekta. Kisiki kinajali upana? Na hilo nimeambiwa na fundi wa kuchomelea, mtu asiyeuza makucha.

Jana nimempigia muuzaji, nikamwomba anibadilishie, niko tayari kuongeza hela. Akacheka.

"Bosi, chuma hakina kosa. Labda ubadilishe trekta."