Friza la samaki na betri mbili za gari, naomba ushauri kabla sijatoa pesa tena

BiFuoni
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Fuoni, nnafanya biashara nyumbani, nnauza barafu, juisi na samaki, nna friza moja la kulala la lita 200 hivi. Umeme ukikatika usiku silali, maana mtaji wote umo mle ndani. Mwezi uliopita nikamwita fundi akanifungia inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) imeandikwa 1000W na betri mbili za gari za Ah 70 (ampia-saa), akanambia hizi zitakufikisha asubuhi. Siku ya mwanzo friza lilikwenda kama masaa matatu nkafurahi, wiki ya tatu ikawa dakika arubaini, na sasa hivi friza likitaka kuwaka tu inveta inalia inajizima, lakini taa na feni zinakwenda vizuri hata masaa mawili. Fundi ananambia niongeze betri ya tatu. Jee niongeze, au ninunue hiyo lithiamu ambayo bei yake naisikia kubwa, au nitafute jenereta? Nyumba zetu huku zimebanana na ndani kuna mtoto mchanga.

FundiChake
Waalaykum salaam dada. Betri ya tatu usinunue. Ukifunga betri mpya pamoja na zilizochoka zile mbovu zinaimaliza mpya, baada ya miezi utakuwa na mbovu tatu.

Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata, inatoa umeme mwingi kwa nukta chache halafu gari yenyewe inaichaji. Haikutengenezwa kunyonywa mpaka chini kila usiku. Ukiinyonya hivyo mara kadhaa sahani za ndani zinakufa, na joto letu hili linaiongezea, maana kila joto likizidi nyuzi 10 juu ya 25 umri wa betri ya asidi unapungua kama nusu. Na friza likiwa linazunguka linakula kama wati 120 tu lakini ule mpigo wa kuanza kompresa unaweza kuvuta mara tano au zaidi ya hapo, betri dhaifu volti zinaanguka pale pale na inveta inajizima kujilinda. Ndo maana taa zinawaka friza haliwaki.

Kabla hujanunua chochote pima kwanza. Usiku saa nne zima kila kitu nyumbani uache friza peke yake, soma yuniti kwenye mita yako ya TUKUZA, hii ya kulipia kabla, uandike, asubuhi saa kumi na mbili soma tena. Hiyo ndo hesabu ya friza lako, usichukue ya kwenye kibandiko wala ya kwangu.

Ami_Mkunazini
Mwanangu BiFuoni, jenereta usiiweke uani palipobanana wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka, inaua watu wamelala, na mtoto mchanga ndo wa mwanzo kudhurika.

Mie nnakumbuka ule wakati Unguja ilipokosa umeme kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, na kaskazi imeshika joto kwelikweli. Kebo ilokuwa ikitulisha ilikuwa ya tangu 1980. Maji ya mfereji nayo yakawa shida kwa sababu pampu zinataka umeme, tukirudi visimani. Wenye jenereta waliuza barafu, sie wengine tulinunua ya siku hiyo tu. Ikaja kebo kubwa ya megawati 100 mwaka 2013, alhamdulillahi, hali ya siku zile haijarudi. Lakini nnachokwambia ni hichi, kukatika kwa masaa na kukatika kwa siku ni vitu viwili. Betri ni ya masaa. Na ukija kununua jenereta usikubali mtu akuchomekee kwenye soketi ya ukutani, lazima iwekwe swichi ya kubadilisha baina ya umeme wa nguzo na wa jenereta, la sivyo umeme wako unapanda nguzoni unamkuta fundi wa ZECO, shirika letu la umeme, kashika waya akijua umekatwa.

JodariMalindi
Dada mie nnauza samaki miaka mingi, nakwambia friza lenyewe ndo betri yako ya mwanzo. Friza likijaa pomoni na usilifungue linashika barafu kama masaa 48, likiwa nusu kama 24. Kwa joto letu na milango inayofunguliwa na watoto mie nahesabu usiku kucha tu, lakini usiku kucha si ndo unautaka? Nafasi zote tupu jaza chupa za maji zigande, umeme ukikatika funga, tandika blanketi juu, upande wa nyuma kwenye kompresa uuache wazi upumue. Gandisha maji kwenye kikombe uweke sarafu juu yake, ukirudi safarini ukaikuta sarafu imezama ujue barafu iliyayuka ikaganda tena.

Na samaki wa hivyo, hasa jodari na nguru, usimuuzie mtu. Sumu inayojitengeneza mle haitoki kwa kupika wala kwa kukaanga, nimeona mtu anavimba uso mwekundu nusu saa baada ya kula.

BiFuoni
Shukran sana nyote, Ami nimekusikia, jenereta nimeiacha. Nimepima usiku wa jana kama alivosema FundiChake, yuniti zimetoka 0.6. Sasa hiyo lithiamu ya Ah 100 itatosha na feni ya mtoto? Na inveta yangu ile ile itafaa?

FundiChake
0.6 ni wati-saa 600. Inveta nayo inakula na inapoteza njiani, weka 750. Betri ya lithiamu iloandikwa LiFePO4, 12.8V Ah 100, ina wati-saa 1280 (volti mara Ah), tumia asilimia 80 ikae miaka, unabaki na 1020 hivi. Betri zako za gari kwenye karatasi zilikuwa 1680 lakini asidi hunyonywi zaidi ya nusu, 840, na hizo zilikuwa zikiwa mpya. Kwa hiyo kwa lithiamu friza peke yake linafika asubuhi. Feni ya wati 50 usiku kucha ni 400 nyengine, vyote viwili pamoja haifiki.

Fanya alivosema JodariMalindi. Jaza chupa, umeme ukikatika betri iendeshe feni na taa tu, friza uliwashe kama masaa mawili alfajiri umeme ukiwa haujarudi.

Inveta angalia mambo mawili. Iwe pyua sain wevu (pure sine wave), yaani inayotoa umeme laini kama wa nguzo, hizi rahisi kompresa inanguruma na kupata moto. Na chaja yake iwe na sehemu ya kuchagua lithiamu, isizidi volti 14.6. Pia wati 1000 kwenye volti 12 ni ampia zaidi ya 80, waya uwe mnene na mfupi, fyuzi ikae karibu kabisa na betri upande wa chanya. Ukiona waya wako wa sasa mwembamba kama wa taa, leo leo ufungue, hapo ndo nyumba zinapoungulia.

BiFuoni
Nimeangalia, waya ni mwembamba na fyuzi hamna kabisa. Nimeshaufungua. Feni ya mtoto usiku huu itategemea umeme wenyewe mpaka nipate waya. Chupa nimepata ishirini na tatu kwa jirani anaouza maji, kumi na tano zimo ndani zinaganda sasa hivi, nyengine hazijapata pahala mpaka niuze nguru wawili kesho.

JodariMalindi
Hao nguru niulize mie kwanza bei yao.