Kutoka filamu hadi dijitali na lenzi za zamani za Nikon: D3200, D7000 au nihamie Canon?

Kondele_Picha (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Studio iliyokuwa ikinisafishia filamu hapa mjini imezima mashine ya rangi, na sasa kila roli lazima ipande basi hadi Nairobi. Bibi harusi wa siku hizi hangoji. Anataka picha WhatsApp kabla keki haijakatwa. Basi nimesalimu amri, naingia dijitali, ila sitaki kutupa vyombo vyangu. Nina Nikon FM2 na F80, lenzi ya 50mm f/1.8 AF-D, 80-200mm f/2.8 AF-D (hii ndiyo inayonilisha), 28mm f/2.8 AI-S ya kuzungusha kwa mkono, flashi ya Vivitar 283, na Canon AE-1 aliyoniachia marehemu baba mdogo pamoja na 50mm yake ya FD.

Nimeonyeshwa bodi (kamera bila lenzi) tatu za mitumba: Nikon D3200, Nikon D7000 na Canon 5D ya kwanza. Muuzaji ananisukuma kwa D3200 kwa sababu ina megapikseli 24 na D7000 ina 16 tu. Kazi zangu ni harusi, kwaya kanisani, mahafali na paspoti. Mnasemaje?

Mzee_wa_Shata (Nakuru)

D7000. Achana na hesabu ya megapikseli, hiyo ni lugha ya kuuzia.

Lenzi zako mbili za AF-D hazina mota ndani. Zinaletwa kwenye fokasi (picha kuwa kali) na bisibisi ndogo inayochomoza kwenye bodi, kama F80 yako inavyofanya sasa. D3200 haina hiyo bisibisi. Ukoo wake wote hauna: D40, D60, D3000 na kuendelea, pamoja na D5000 na wadogo zake. Lenzi itaingia, picha itatoka, lakini fokasi utaivuta kwa mkono. Sasa jione na 80-200 nyuma ya kanisa, bibi harusi anatembea kuja kwako, nawe unazungusha pete. D7000 ina mota. D90 pia inayo, na D80, D300, D610.

Kwa ile 28mm ya AI-S tofauti ni kubwa zaidi. Kwenye D7000 unaingia kwenye menyu, unaiambia lenzi ni 28 na apacha yake kubwa (tundu la kupitisha mwanga) ni 2.8, basi inapima mwanga vizuri tu. Kwenye D3200 haipimi kabisa. Unabaki na M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe, na kubahatisha.

DadaMenengai (Nakuru)

Mzee shikamoo, lakini leo nakupinga kidogo. 5D ina sensa (kile kinachonasa picha badala ya filamu) ya ukubwa ule ule wa filamu. Kwenye D7000 na D3200 sensa ni ndogo, picha inakatwa mara 1.5. 50mm yake itaona kama 75mm, na 28mm kama 42mm. Picha ya ukoo mzima mbele ya kanisa ataipigaje na 42mm? Atarudi nyuma hadi barabarani agongwe na boda.

Mzee_wa_Shata (Nakuru)

Marahaba binti yangu. Hoja ya upana nakubali. Dawa yake ni lenzi ya kawaida ya 18-55, zimejaa kila mahali kwa bei ya kutupa. Milimita 18 mara 1.5 ni 27. Tena ukataji huo unamfaidi upande wa pili: 80-200 yake inakuwa kama 120-300, na f/2.8 inabaki pale pale. Mpiga picha wa kwaya atataka nini tena? Kwenye 5D anaanza kununua lenzi upya, na kwenye biashara hii lenzi ndizo zinazokula pesa, si bodi.

Bukhungu_K1000 (Kakamega)

Lakini si 5D inakubali lenzi za Nikon kwa adapta?

Fundi_Kioo (Kisumu)

Inakubali. Kutoka maunti ya Nikon (pale lenzi inaposhika bodi) hadi kwenye filamu ni milimita 46.5, kwa Canon EOS ni 44. Kwa hiyo kuna nafasi ya pete nyembamba ya chuma, na lenzi inafokasi mpaka mwisho wa macho. Ila hakuna autofokasi, na apacha unaifunga kwa mkono, kwa hiyo dirishani giza linaingia kadiri unavyoifunga. Kwa mandhari ya ufuko wa Dunga jioni ni raha. Kwa harusi ni mateso.

Na kabla hujauliza, Kondele: ile FD ya baba mdogo haifai kwenye 5D ingawa zote zimeandikwa Canon. FD ni milimita 42, fupi kuliko EOS, hivyo hakuna nafasi ya pete. Canon walibadilisha maunti mwaka 1987 wakaacha watu wa FD njiani. Adapta zenye kioo zipo, lakini kioo chenyewe kinaharibu picha. FD inapata uhai upya kwenye kamera zisizo na kioo cha kurudisha picha, mfano Sony za E, maana hizo ni milimita 18 tu. Itunze, usiiuze kwa bei ya chai.

Kondele_Picha (Kisumu)

Asante fundi, hiyo ya FD imeniuma. Niliwaza jina likiwa moja basi mambo yameisha. Na Vivitar je?

Fundi_Kioo (Kisumu)

Hapo nyoosha masikio. Vivitar 283 za zamani zinarudisha volti nyingi kwenye kiatu cha flashi, nyingine zaidi ya 200. FM2 haijali. Kamera za dijitali zina saketi laini. Nikon wanaruhusu hadi volti 250 kwenye D7000, lakini Canon nyingi za zamani zinataka 6 tu. Niletee niipime kwa mita kabla hujaipandisha juu ya kitu chochote.

Hata flashi za Nikon za enzi ya filamu, kama SB-28, zitawaka lakini TTL yake (kujipimia mwanga kupitia lenzi) haifanyi kazi, kwa sababu ilikuwa inasoma mwanga unaodunda kutoka kwenye filamu yenyewe. Tumia A (flashi inajipimia yenyewe) au M (unapanga mwenyewe), au tafuta SB-600 au SB-700.

Bukhungu_K1000 (Kakamega)

Nyinyi wa Nikon na Canon mna shida za kujitakia. Mimi nilitoka Pentax K1000 ya filamu nikaingia Pentax K-5 ya dijitali, lenzi zile zile za maunti ya K iliyoanza 1975. Zenye alama ya A zinafanya kila kitu isipokuwa autofokasi; za M unabonyeza kitufe cha kijani, inapima, unapiga. Na kitulizo cha mtetemo kiko ndani ya bodi, kwa hiyo hata lenzi ya babu inatulizwa. Ndani ya msitu wa Kakamega, chini ya miti ile, hilo si jambo dogo.

DadaMenengai (Nakuru)

Safi sana, ila siku ikiharibika unapata wapi ya kuazima? Ukiwa kwenye harusi na Nikon au Canon, mwenzako wa karibu ana betri na lenzi.

Bukhungu_K1000 (Kakamega)

Hapo umenishika.

Rift_Stills (Eldoret)

Kwa nini asichukue D7500 kabisa? Ni ya 2017, mpya zaidi.

Mzee_wa_Shata (Nakuru)

Kwa sababu Nikon waliondoa kile kidole cha kwenye bodi kinachosoma pete ya apacha ya lenzi za AI, kama hiyo 28mm. Mota ipo, lakini 28mm ya huyu bwana haitapimiwa mwanga. Na nafasi ya memori kadi ni moja, wakati D7000 ina mbili. Harusi haina marudio. Mimi kadi ya pili naiweka ihifadhi nakala.

Tahadhari moja. Ukikutana na lenzi ya Nikon ya kabla ya 1977 ambayo pete yake haijarekebishwa, usiilazimishe kwenye D7000, itavunja hicho kidole. Kichekesho ni kwamba D40 na D3200, maskini hizo, zinaipokea bila shida kwa kuwa kidole hazina.

DadaMenengai (Nakuru)

Sawa, nimeshindwa kwa lenzi. Lakini Kondele, mkono wako wa filamu ndio utakaokusumbua kuliko maunti. Negatifu ukiizidishia mwanga stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) inakusamehe. Dijitali ikishaunguza gauni jeupe, limekwenda, hata kwenye kompyuta hulirudishi. Pima kwa gauni, acha vivuli viwe vizito kidogo, piga RAW (faili ghafi), kisha vivuli uvivute baadaye. Nyuso zetu zinatoka vizuri kabisa hivyo.

Pia usibadilishe lenzi mahali pa wazi huku kwetu Nakuru upepo ukitoka ziwani. Ile chumvi ya ziwa inakaa kwenye sensa, na ukifunga hadi f/16 utaona madoa angani. Kwenye filamu kila fremu ilikuja na uso mpya.

Fundi_Kioo (Kisumu)

Na huku kwetu adui ni unyevu. Kabla hujajivunia hiyo 80-200, iangazie tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Ikianza kula rangi ya kioo hata mimi siwezi.

Kondele_Picha (Kisumu)

Nimerudi na mrejesho. Lenzi ni safi. Nilienda dukani nikaivisha D7000 80-200 yangu. Skrini ikaanza kuwakawaka "fEE", shata ikagoma. Muuzaji akashtuka, akasema labda bodi ina tatizo, akashusha bei mwenyewe.

Mzee_wa_Shata (Nakuru)

Haina tatizo lolote! Pete ya apacha izungushe hadi tundu dogo kabisa, f/22, uifunge kwa kile kitufe. Bodi ndiyo inayotawala apacha sasa.

Kondele_Picha (Kisumu)

Najua mzee, nilisoma kitabu chake usiku uliotangulia. Nilimlipa kwanza, ndipo nikamwonyesha.

Rift_Stills (Eldoret)

Wewe ni mtu mbaya 😂 Hiyo D3200 bado iko? Mimi lenzi zangu zina mota.